Uvimbe wa neva ya sikio: mionzi, kisu au kusubiri?

Mwana wa Chake: Asalaam alaykum. Mama ana miaka 61. Sikio la kulia linamvuma mwaka wa pili huu, simu anaipokea kwa kushoto tu, na akiinama kutawadha huyumba. Tulidhani nta, wengine wakasema pepo. Picha ya kichwa, MRI, imeonesha uvimbe wa sentimita 1.8 kwenye neva ya usikivu, si saratani. Njia ni tatu: kusubiri, kupasuliwa, au mionzi ya kulenga. Ndugu tumegawika. Aliyepitia anambie.

Mzee wa Forodhani: Wa alaykum salaam, pole mwanangu. Mie nilifanyiwa Gamma Knife, ndiyo hiyo mionzi ya kulenga, huko Delhi, India. Jina lisikutishe, kisu hakuna. Asubuhi wanakufunga fremu ya chuma kwa skrubu nne, mbili kipajini, mbili kisogoni. Kilichoniuma ni sindano za ganzi. Skrubu zenyewe ni kubanwa tu, kama umevishwa kofia ya mjukuu. Kisha unalala. Miale 192 ya kobalti inakutana pale penye uvimbe. Mmoja mmoja ni dhaifu, ndiyo maana ubongo inakopita hauungui. Jioni nilikula wali, na nywele zangu (nilizobakiwa nazo) hazikunyonyoka.

Nesi Vikokotoni: Mzee kasahau kubwa: uvimbe hautolewi. Unabaki humo humo, kinachotakiwa ni usikue, na zaidi ya 9 katika 10 hutulia. Baadhi huvimba kidogo miezi ya mwanzo kabla ya kunywea, watu wakaanza kulia kuwa mionzi imeshindwa. Usikivu uliokwenda haurudi, na uliobaki unaweza kupungua polepole. Kupasua kunautoa, lakini neva ya uso imepita ubavuni mwake. Ikijeruhiwa, mdomo unakwenda upande. Uvimbe ukizidi sentimita 3, au ukibana shina la ubongo, hapo mara nyingi ni kisu.

Binti Wete: Na kusubiri jee? Shangazi yangu miaka sita sasa, haujasogea. Nyingi hukua milimita 1 au 2 kwa mwaka, nyingine hazikui kabisa. Tungeuza mikarafuu bure!

Nesi Vikokotoni: Sawa dada, lakini shangazi anapimwa MRI. Wangapi wanasubiri halafu wakasahau? Na huyu mama anayumba. Muulizeni daktari: unagusa nini, na picha ya miezi sita ijayo itaamua nini? Hata akipigwa mionzi, MRI za kila mwaka hazimkwepi.

Mzee wa Forodhani: Na dai CD ya picha, si karatasi ya majibu tu. Mie hospitali moja ilinipa karatasi, nilipofika huko nikalipia MRI upya.

Mwana wa Chake: CD ninayo, nimeifunga kwenye kanga isikwaruzike. Kesho tunapanda boti Mkoani, tukamuone daktari wa ubongo Mnazi Mmoja. Mama mwenyewe kauliza moja tu: hizo skrubu, ushungi utakaa?

Mzee wa Forodhani: Fremu hutolewa siku ile ile. Mwambie utakaa.