Tupeane uzoefu: nini hunogesha vita kwenye gemu za mikakati, na nini huviharibu?

Kijana wa Langoni: Assalamu alaikum wana Amu, na wenzetu wa Malindi. Baada ya tarawehe ni gemu, barazani kwa simu na saibani kwa kompyuta, na hakosi mtu wa kuinuka kwa hasira akisema gemu ina upendeleo. Leteni uzoefu, lakini na hesabu zake.

Naanza na Age of Empires II, gemu ya vita ya kompyuta. Mpanda farasi mzito hugharimu chakula 60 na dhahabu 75. Askari wa mkuki ni chakula 35 na mbao 25, dhahabu haguzi. Mmoja kwa mmoja, bila maboresho yoyote, mpanda farasi anashinda: yeye huua kwa mapigo 5, wa mkuki anahitaji 7, tena mkono wake ni mzito kurudi. Weka mikuki miwili kwa pamoja, jumla 120 dhidi ya 135, na farasi analala chini. Mizani kwangu ni hiyo: kila pigo liwe na jibu, na jibu liwe ndani ya uwezo wako.

Mishale Kumi: Wa alaikum salaam. Kaka, kosa kubwa ni kuleta hiyo mikuki mmojammoja. Kwa wapiga mishale ndiyo balaa zaidi, kwa sababu wote hupiga kwa wakati mmoja. Nguvu ya kundi hukaribia mraba wa idadi yake, kanuni aliyoiandika Mwingereza Frederick Lanchester zama za vita vya kwanza vya dunia. Kumi wakikutana na sita: 100 toa 36 ni 64, kipeuo chake cha pili ni 8. Yaani sita wote wamekufa, na wa upande wa pili wamepungua wawili tu! Aliyepigwa huona ameonewa, kumbe alipeleka sita badala ya kurudi nyuma angoje wanne waliokuwa njiani.

Malindi Usiku: Sisi wa simu tuna ugonjwa mwingine. Clash Royale, gemu ya simu ya kupiganisha askari kwa kadi, imeanza kwa haki kama bao: kwenye bao kila mtu ana kete 32, 22 mkononi na 10 ubaoni, na huku kila mtu anajaziwa eliksiri, yaani nguvu ya kulipia kadi, kwa kasi ileile, mwisho 10. Kinachovunja ni leveli za kadi. Leveli moja huongeza uhai na pigo kwa takriban asilimia 10. Watu hudhani leveli mbili ni asilimia 20 basi. Hapana, vyote viwili hupanda: 1.21 ya uhai mara 1.21 ya pigo, nguvu karibu mara 1.46. Mbaya zaidi, kadi uliyozoea kuiua kwa pigo moja inabaki na uhai kidogo, na mpango wako wote unaporomoka. Mkicheza barazani, fungueni kadi mlinganishe leveli kwanza.

Fundi wa Saiba: Na wapinzani pia wapangwe. Kwa mfumo wa Elo, unaompa kila mchezaji pointi za uwezo wake, tofauti ya 200 humpa mwenye nguvu ushindi takriban mara 76 kwa 100; ikiwa 400, mara 91. Hapo hakuna mchezo tena. Mkiwa wanne, wapange kwa pointi, kisha wa kwanza na wa nne wacheze dhidi ya wa pili na wa tatu.

Kompyuta nayo: Age of Empires II huendesha mechi kwa hatua moja kwa wote, mashine zote zikingojana, kwa hiyo mashine moja dhaifu inawachelewesha wote. Iondoeni, au punguzeni idadi ya askari wanaoruhusiwa.

Kijana wa Langoni: Ahsanteni sana. Mtu akishikilia kwamba askari fulani amezidi, tunampima vipi?

Mishale Kumi: Fungua kihariri cha ramani, sehemu ya gemu ya kujitengenezea uwanja wa vita. Weka makundi mawili ya gharama sawa, ardhi tambarare, maana kilima huongeza pigo. Pambanisha mara 10, ukibadilisha pande kila mara, uandike waliobaki. Halafu rudia kwa gharama maradufu, kwa sababu wa mishale hunona wakiwa wengi na matokeo ya mwanzo yanaweza kupinduka.