Naombeni ushauri: mkate wa kamba koche pale mgahawa wa Eventide, Portland

Wadau mlioko jimbo la Maine, Marekani, shemeji yangu anakuja kutoka Tanga na anataka kuonja mkate wa kamba koche. Wa kawaida naujua: nyama ya baridi, mayonezi, mkate uliopakwa siagi ukachomwa kidogo. Watu wa jimbo la Connecticut wao huula wa moto, siagi tupu. Sasa pale Eventide nyama huchanganywa na siagi iliyopikwa hadi ikawa ya kahawia, ndani ya mkate laini wa mvuke, ule wa Kichina. Mgeni aanzie huo au wa kawaida? Yeye kazoea kamba wa kwetu wasio na magando, wa nazi, na mayonezi haitaki kabisa. Mtu mzima anashiba kwa mmoja? Na foleni je, tuwahi saa ngapi?