Sufuria za kumimina zinatoka na vitundu

Swali (Kizota, Dodoma): Wakuu, tunayeyusha alumini chakavu na kuimimina kwenye kalibu za mchanga. Sufuria ikishasuguliwa, vinatokea vitundu vidogo, hasa kwenye shina la masikio. Tatizo ni mchanga au moto?

Jibu: Angalia umbo kwanza. Kama ni vya duara na laini ndani, hiyo ni gesi ya haidrojeni. Alumini iliyoyeyuka huinyonya kutoka kwenye unyevu, mafuta na rangi ya chakavu, kisha huitema inapoganda. Inayeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi. Mimina kati ya 700 na 750, basi. Kuiacha ifike 850 huku mnahangaika na kalibu ni kuikaribisha gesi. Osha chakavu, kausha, na upashe moto upawa kabla ya kuuzamisha kwenye alumini iliyoyeyuka. Chuma chenye maji kikiingia mle, alumini hulipuka.

Jibu: Vikiwa na kingo za kukwaruza, ni kusinyaa. Alumini ikiganda hupungua ujazo kwa takriban asilimia 6, na sehemu nene huganda mwisho, hivyo hukosa cha kujazia. Acha tundu la akiba juu ya shina, nene kuliko shina lenyewe, lijae alumini, utalikata baadaye.

Jibu: Na mchanga je? Ufinyange, uvunje: ukikatika kwa kingo safi, maji yake yanatosha. Kiangazi cha huku hukausha upesi, watu wanazidisha maji. Toboa njia za hewa kwa spoku.

Muulizaji: Vina kingo kali. Pistoni na nyaya za umeme nachanganya, sawa?

Jibu: Pistoni zaidi. Zina silikoni, hutiririka vizuri. Alumini ya nyaya haitiririki vizuri, ni shida kujaza kalibu nyembamba.