Nilikatisha mbizi pangoni bila sababu ninayoijua. Nimwambie nini mwenzangu?

TochiTatu:

Habari zenu wazamiaji. Nina jambo limenikaa rohoni tangu Jumapili na sitaki nirudi majini kabla sijalisema mahali.

Wikendi iliyopita mimi na rafiki yangu tulikwenda Peacock Springs, kaskazini mwa Florida. Mafunzo yote ya mapangoni tumesoma pamoja, kuanzia lile la kwanza ambalo hutakiwi kupoteza mwanga wa mchana, mpaka cheti kamili ambacho tulikipata siku moja. Yeye ndiye mtu pekee niliyewahi kuingia naye pangoni bila mwalimu. Nalitaja hili ili mjue ana uzito gani kwangu.

Jumamosi tuliitumia kujiweka sawa. Tulifunga kamba kwenye miti tukaifuata macho tumefumba, mmoja mbele, wa nyuma kamshika mkono, tukisemezana kwa mguso tu: kusukuma ni nenda, kubana ni simama, kuvuta ni rudi. Mchana tukashuka Orange Grove. Uso wa lile dimbwi ulikuwa umefunikwa na vijimea vidogo vya kijani, na ukishavipita, maji chini yake yanakuwa safi hata unahisi umeninginia hewani. Tulikaa muda mfupi, tukatoka tumeridhika.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili. Mpango wetu: tuingie kwa mlango wa pango uitwao Peacock I, tupite shimo la Pothole, tufike shimo la Olsen, tuuone mwanga unavyoshuka kutoka juu, kisha turudi kwa njia ile ile. Kila mmoja mitungi miwili mgongoni, hewa ya shinikizo la bar 210. Theluthi ya kwendea, theluthi ya kurudia, theluthi ya dharura. Wa kwanza geji yake, kipimo cha hewa iliyobaki, kufika 140, tunageuka, hata kama Olsen iko mbele ya macho. Kila mtu taa tatu. Rili ya kamba niliibeba mimi. Nilifunga nje kabisa, mahali ambapo ukipanda juu unakutana na hewa, nikafunga tena mlangoni, nikaiunga na ile kamba ya kudumu ya rangi ya dhahabu iliyomo ndani. Hapo mlangoni ndipo lilipo lile bango lenye picha ya mauti na mundu wake, linalowaambia wasio na mafunzo wasimame, kwamba humo ndani hamna kitu kinachostahili mtu afe kwa ajili yake. Nimelipita mara nyingi. Safari hii nililisoma lote.

Pothole tuliipita vizuri. Nilikuwa mbele, na doa la taa ya mwenzangu lilikuwa ukutani upande wangu wa kulia, limetulia, halichezi, kwa hiyo nilijua yupo na yuko salama bila kugeuka nyuma. Kina kilikuwa mita 18 hivi. Geji niliitazama mara tatu kabla ya kufika mshale uliofuata kwenye kamba, ile alama inayoonyesha upande wa kutokea, na mara ya mwisho ilisoma 160. Mapovu yetu yalikuwa yakikwangua dari, vipande vidogo vinadondoka kama majivu, lakini kwenye pango lile hilo ni jambo la kawaida.

Kisha nikasimama. Siwezi kuwaambia kwa nini. Taa zilikuwa zinawaka, kamba ilikuwepo, maji hayakuchafuka, hewa ilikuwa bado ya kutosha. Moyo ulikataa tu. Nikageuka, nikamwonyesha dole gumba, ambalo kwetu maana yake ni mbizi imekwisha, tutoke. Naye akanionyesha dole gumba saa hiyo hiyo, bila kusita. Akageuka, akatangulia, mimi nikafuata nyuma nikikunja kamba yangu mpaka nje.

Tulipoibuka akaniuliza, "Uko salama?" Nikasema niko salama. Akasema, "Sawa." Basi. Tulifungasha mitungi, tukaingia garini, na safari nzima alizungumzia barabara tu. Olsen alikuwa ameisubiri miezi. Ramani yake aliichora kwa mkono wake.

Naombeni mnisaidie. Najua kanuni inasema yeyote anaweza kukatisha mbizi yoyote, wakati wowote, kwa sababu yoyote. Lakini mimi sababu sina. Nimwambie nini? Na mwezi ujao tuna wikendi nyingine tumeshaipanga.

---

KambaMkononi:

Dada, usimwambie chochote. Nakujibu hivi kwa moyo mweupe.

Kanuni hiyo haikusema "kwa sababu nzuri". Ilisema yoyote, na wazamiaji wengi huongeza: bila kuulizwa. Maneno hayo yamewekwa kwa makusudi. Mtu akijua kwamba akionyesha dole gumba atadaiwa maelezo juu, siku moja atasita. Atajiambia ngoja nifike hapo mbele kidogo kwanza. Na kule ndani huwezi kupanda juu ukaibuka, njia ya hewa ni ile ile uliyoingilia, kwa hiyo kila mita unayoongeza kwa kumwonea mwenzako haya, utairudi nayo.

Kumbuka kanuni zetu zimetoka wapi. Mzamiaji wa mapangoni Sheck Exley aliketi akachambua ajali za mapangoni moja moja, na mwaka 1979 akachapisha alichokiona: waliokufa hawakuwa na kamba isiyokatika mpaka nje, au hawakubakiza theluthi mbili za hewa ya kutokea, au walishuka kina kupita kiasi. Baadaye yakaongezwa mafunzo na taa. Na lile bango ulilolisoma linataja kwamba waliokufa ni zaidi ya 300, na miongoni mwao wamo hata walimu wa kuzamia. Walimu! Watu wenye saa nyingi majini kuliko mimi na wewe. Kujiamini hakukuwasaidia kitu.

Nimezamia mapangoni miaka mingi. Wenzangu waliowahi kunigeuza njiani bila kusema kwa nini, hao ndio ninaowaita tena.

---

MiguuYaChura:

Nakubaliana na KambaMkononi kwa nusu. Ndani ya maji, hakuna maelezo. Hapo sibishani. Lakini mkishafika juu, mmevua mitungi, mmekauka, mnakaa chini mnazungumza kila mbizi, iliyofika na isiyofika. Simaanishi mmoja ajitetee. Ni kwamba kila mtu ameona nusu tu ya pango: wewe umeona mbele, yeye amekuona wewe. Huenda yeye aliona kitu kwenye miguu yako au mapovu yako ambacho wewe huwezi kukijua. Ninyi mlikaa kwenye gari njia nzima na hamkuambiana. Kwangu mimi hilo ndilo kosa la siku ile, na ni lenu wawili.

Halafu kuna sentensi umeipita haraka. Umesema uliitazama geji mara tatu kabla ya mshale uliofuata. Kwa nini mara tatu?

---

TochiTatu:

MiguuYaChura, nimelisoma swali lako nikakaa nalo muda mrefu.

Mara ya kwanza nilitazama kwa kawaida. Mara ya pili nilitazama kwa sababu sikukumbuka nilichosoma mara ya kwanza. Na mara ya tatu ikawa hivyo hivyo. Nilikuwa naiona namba, naiachia geji, na namba inaondoka. Hiyo 160 naikumbuka kwa sababu niliishikilia geji mkononi mpaka niliposimama.

Sikuliona kuwa jambo. Nililiandika hapo juu kama maelezo ya njiani tu.

---

MajiMatulivu:

Dada TochiTatu, basi sababu ulikuwa nayo, na ilikuwa kubwa. Hewa ndiyo saa yetu kule ndani. Mtu asiyeweza kushika namba ya geji kichwani hana kipimo cha kurudi, hata kama mitungi imejaa. Moyo wako uliona kabla ya akili yako.

Kwa kina cha mita 18 sidhani kama ni ulevi wa naitrojeni, ule unaompata mzamiaji akishuka kina kirefu. Ninachokishuku ni pumzi. Mtu akiwa na wasiwasi kidogo, au akiwa na kazi nyingi, huanza kupumua juu juu, kwa haraka, bila kutoa pumzi yote. Kabonidioksaidi inabaki mwilini. Nayo ikizidi huleta wasiwasi, na wasiwasi unaharakisha pumzi zaidi, unazunguka hivyo. Kichwa kinakuwa kizito na hujui kwa nini. Ndiyo maana tunafundishwa kusimama, kuishika kamba, na kutoa pumzi polepole mpaka mwisho kabla ya kuamua lolote. Wewe ulisimama. Ungeongeza kupumua hapo ulipo, taratibu, mara nne tano, kisha ndipo urudi. Kurudi bado ungerudi, lakini ungerudi na kichwa chepesi, na wewe ndiye uliyekuwa na rili ya kukunja, kazi ambayo haitaki haraka, hasa Peacock. Pale mkondo ni mdogo sana. Kwenye chemchemi zenye nguvu kama zile za Ginnie, maji yenyewe hulisukuma tope kuelekea nje, na hata ukichokoza sakafu panaanza kusafika. Peacock tope laini likiinuka linabaki hapo hapo, na ukikosea mara moja tu kupiga miguu kwa mtindo wetu wa chura, mwenzako hakuoni tena.

Nimehesabu pia kazi zako za siku ile. Ulifunga kamba, uliongoza njia, ulisoma mishale, ulihesabu hewa, ulikuwa unalinda doa la taa yake, na ulikuwa umebeba hamu yake ya kuiona Olsen. Hiyo ya mwisho haimo kwenye orodha ya vifaa lakini ina uzito.

---

KambaMkononi:

MajiMatulivu kasema kweli, na mimi narudi nyuma hatua moja. Nilimwambia asiseme chochote kwa sababu nilidhani anadaiwa. Kama ni kumweleza mwenzake jambo la geji ili wote wawili walitambue likitokea tena, aseme, na alisema mapema kabla hawajagusa maji. Ila asiombe msamaha. Hapo sitabadilika.

Dada, jambo dogo la vitendo: mkipita kila mshale, wewe soma geji kisha mwonyeshe mwenzako namba kwa vidole, naye akuonyeshe yake. Namba uliyoitamka kwa mkono haipotei kirahisi. Na mtu akichelewa kuonyesha, au akionyesha vidole visivyoeleweka, mwenzake ameshajua.

---

TochiTatu:

Nimerudi kuwapa habari. Nilimpigia jana usiku.

Nilimweleza habari ya geji kama ilivyo, kwamba namba zilikuwa hazikai. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilikuona unaitazama tena na tena. Nilidhani unanihesabia mimi hewa." Kumbe kule nyuma alikuwa ameona. Aliona pia kwamba mapovu yangu yalikuwa yanatoka kwa haraka kuliko Jumamosi, na kwamba nilikuwa nimeacha kuitikia mzunguko wa taa yake. Mara mbili alizungusha taa kuniuliza kama niko sawa, na mimi sikuzungusha. Mimi sikumbuki kuiona taa ikizunguka hata mara moja. Hilo limenitisha kuliko yote mliyoniambia hapa, kwa sababu nilikuwa nimewaandikia kwamba doa la taa yake lilikuwa limetulia.

Akasema alikuwa karibu kunionyesha dole gumba yeye. Nilipogeuka ghafla nikalionyesha mimi, alishusha pumzi.

Nikamuuliza, mbona kimya kile garini? Akasema, "Nilisikitika. Olsen niliitaka. Nikaona nikifungua mdomo utasikia masikitiko na utadhani nakulaumu, basi nikaongelea barabara." Nikamwambia kwamba nilidhani ananilaumu hata hivyo. Tukakaa kimya kwenye simu, lakini ulikuwa ukimya mzuri.

Wikendi ya mwezi ujao haijafutwa. Tumebadilisha mpango. Tutaingia Peacock I mpaka Pothole tu, tugeuke hapo hata kama geji zinasoma 180. Rili atabeba yeye na atatangulia. Mimi nitakuwa nyuma na kazi yangu itakuwa kumtazama mapovu yake na kuzungusha taa. Kila mshale tunaonyeshana namba kwa vidole, kama alivyosema KambaMkononi, na taa ikizungushwa mara moja bila jibu, hatungoji ya pili, tunageuka.

Ile ramani ya Olsen ameniambia ameikunja, ameiweka ndani ya daftari lake la mbizi, ukurasa wa Jumapili ile. Chini yake ameandika namba zetu zote mbili za kugeukia. Yangu 160, yake 165.