Muvi za kutisha nazipenda tangu utotoni, sasa mwanangu hataki kulala peke yake. Naomba ushauri

Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa miaka sita, naishi Morogoro.

Muvi za kutisha nilianza kuangalia na marehemu baba nikiwa darasa la pili. Tulikuwa na TV ya chogo na deki, na kila Jumamosi baba alikuwa anarudi na kanda ya kukodi. Mama akishalala, tunakaa kwenye mkeka, taa tumezima, bakuli la karanga katikati. Nikiogopa namshika kidole gumba. Hakuwahi kunicheka. Alikuwa ananong'ona, "Subiri, sasa hivi mlango utafunguka," na kweli unafunguka. Baba alifariki 2011. Mama hakuwa akiangalia, kwa hiyo zile Jumamosi nimebaki nazo mimi tu.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa naangalia ya mazombi sebuleni, saa tano usiku. Kugeuka, mwanangu kasimama nyuma ya kochi, kang'ata kola ya nguo yake ya kulalia, mkojo umeshuka mpaka kwenye soksi. Tangu siku hiyo chooni haendi peke yake, na bati likilia usiku ananikaba shingo. Mume wangu anataka niache kabisa. Wifi anasema nimekaribisha majini ndani. Kosa ni langu, nakubali. Ila kuacha kabisa kunaniuma sana. Nifanyeje?

fundi_deki: Pole dada. Nimeendesha kibanda umiza miaka mingi. Muvi hizi hutisha kwa sauti kuliko picha. Mwekee kipande kifupi mchana kweupe, sauti umezima, rimoti ashike yeye.

mama_mapacha: Hapana fundi, asimwekee chochote. Mtoto wa miaka sita bado anaona ni kweli. Bora amwonyeshe damu inavyotengenezwa. Kwenye muvi ya kutisha ya Psycho ya 1960, mwongozaji Alfred Hitchcock alitumia sharubati ya chokoleti, maana picha ilikuwa nyeusi na nyeupe. Koroga maji ya sukari na unga kidogo, tia rangi nyekundu ya keki, ajipake mwenyewe. Usiku mlale naye kwanza, halafu umrudishe chumbani polepole, taa ndogo ikiwaka. Akiendelea kuogopa hivyo kwa wiki kadhaa, mpeleke hospitali. Muvi zako angalia siku akiwa kwa bibi yake. Usidanganyike na spika za masikioni, hutamsikia akitoka chumbani.

Babu wa Kilosa: Mwanangu, dua kabla ya kulala ni jambo jema, msomeeni. Ila wifi yako asimwambie mtoto kuna majini ndani ya nyumba. Hilo litamtisha kuliko hiyo muvi, kwa sababu nyumba haizimwi kwa rimoti.

Mleta uzi: Asanteni sana, nimesoma yote. Kwanza nilimwomba mwanangu msamaha. Jana tumekoroga damu jikoni, kajipaka mpaka viwiko, akaenda kumwonyesha baba yake. Usiku bado amelala kwetu, ila chooni kaenda mwenyewe, mlango kaacha wazi. Kabla hajasinzia akaniuliza, "Na babu alikuwa anajua kutengeneza damu?" Nikamwambia hapana, babu alikuwa anajua mlango utafunguka saa ngapi.