Naomba ushauri: kuhuisha leseni ya udereva kipindi hiki cha korona nikiwa na mgonjwa nyumbani

Ndugu zangu, mimi ni dereva wa gari la abiria kati ya Tanga na Muheza, na leseni yangu niliyoikata mwaka 2017, wakati ilipokuwa ya miaka 3, inaisha mwishoni mwa mwezi huu wa Mei 2020. Shilingi 70,000 za leseni mpya ya miaka 5 ninazo; kinachonipa mashaka ni kwenda mwenyewe, kwa kuwa picha, saini na alama za vidole mtu hawezi kukutolea.

Ninaishi Ngamiani na mama yangu mzazi, mwenye miaka 71 na kisukari cha siku nyingi, ambaye kwa ajili yake nimeacha kuendesha tangu Machi, ingawa tajiri ananitaka kazini Juni. Juzi nilifika ofisi ya leseni nikakuta ndoo ya maji na sabuni mlangoni, lakini ndani watu wamebanana kwenye benchi, na kila anayeitwa anavua barakoa apigwe picha, kisha anabonyeza vidole kwenye kioo kilekile walichokishika wenzake. Nikageuka nikarudi nyumbani.

Kubeba abiria kwa leseni iliyokwisha siwezi, kwani zile ni roho za watu. Naomba mliohuisha hivi karibuni mnieleze ni saa ngapi watu huwa wachache, na kama nimpeleke mama kwa dada yangu Pangani kwa siku 14 baada ya mimi kutoka ofisi ya leseni, au kuoga na kubadili nguo kabla ya kumkaribia kunatosha.