Mtaala upi wa hisabati unamfaa mtoto wa miaka sita anayesomeshwa nyumbani, Lamu?

Mama wa Mkomani (Lamu)

Assalamu alaykum. Naomba ushauri wa wazazi na walimu wenye uzoefu wa kusomesha watoto nyumbani. Tunaishi Lamu mjini, lakini kazi ya mume wangu hutupeleka Malindi kwa miezi kadhaa kila mwaka, na kwa sababu hiyo tumekata shauri kumsomesha binti yetu wenyewe mpaka atakapofikia umri wa kuingia Gredi ya Nne. Ametimiza miaka sita. Kusoma anasoma vizuri na chuoni (madrasa) hajambo, lakini hesabu inanitia wasiwasi. Hutaja namba moja hadi mia bila kukwama, ila nikimwekea komwe kumi na mbili, nikamwomba anipe saba kisha aniambie zimebaki ngapi, huanza kuzihesabu zote upya tangu ya kwanza.

Mitaala ninayoiwazia ni mitatu: vitabu vya Gredi ya Kwanza vilivyoidhinishwa na KICD (taasisi ya mitaala ya Kenya), vitabu vya Primary Mathematics vya Singapore, na Saxon ya Marekani, ambayo rafiki yangu aliyehama ameniachia karibu seti nzima. Kuagiza vitabu kutoka nje si jambo jepesi, maana mpaka vivuke kufika kisiwani gharama ya usafirishaji huwa imeshaongezeka sana. Je, tofauti ya mitaala hii ni kubwa kiasi cha kustahili gharama hiyo, au nitumie nilichonacho?

Mwalimu mstaafu (Malindi)

Wa alaykum salaam, mwanangu. Hayo uliyoyaeleza kuhusu komwe si upungufu wa akili. Binti yako ameshika mfuatano wa majina ya namba, lakini bado hajaona kwamba kumi na mbili ni kitu kinachoweza kugawanyika kuwa saba na tano bila ya kupotea. Kwa hiyo swali la kuuliza kila mtaala ni hili: unamfikishaje mtoto kwenye uoni huo?

Vitabu vya Singapore vimejengwa juu ya hatua tatu, yaani mtoto hushika vitu kwa mikono, kisha huvichora au huviona katika picha, na mwisho ndipo huandika tarakimu na alama. Wazo hilo linatokana na mwanasaikolojia wa Marekani, Jerome Bruner, aliyeliandika katika miaka ya 1960, na Wizara ya Elimu ya Singapore ikaanza kulifanyia kazi katika vitabu vyake miaka ya 1980. Saxon ina tabia nyingine. Kila siku huongeza kipande kidogo kipya na kurudia yale ya nyuma, jambo linalomfaa mtoto anayesahau haraka, lakini katika madarasa ya chini mwalimu huandikiwa hata maneno ya kusema, na mimi sipendi mzazi afungwe hivyo. Tena utakutana na sarafu za Kimarekani, mojawapo ikiwa ya senti 25, ambazo binti yako hatazishika dukani. Mpe shilingi moja, tano, kumi na ishirini, ajifunze kwazo.

Nikuongezee jambo ambalo waandishi wa vitabu vya nje hawalijui. Mtoto anayehesabu kwa Kiswahili anapata msaada mkubwa kuanzia kumi na moja hadi kumi na tisa, kwa sababu kila namba hujieleza kwamba ni kumi moja na mamoja kadhaa. Watoto wanaohesabu kwa Kiingereza hawana msaada huo katika 11 na 12, na ndiyo maana mtaala kama RightStart huwafundisha kwanza kuzitaja kana kwamba ni kumi-moja na kumi-mbili. Masomo ya namna hiyo unaweza kuyaruka. Tatizo letu huja mbele kidogo. Sitini, sabini na tisini zinafanana na sita, saba na tisa, lakini ishirini, thelathini, arobaini, hamsini na themanini hazimwambii mtoto chochote kuhusu mbili, tatu, nne, tano na nane. Hapo ndipo pa kukaa muda mrefu: afunge vijiti kumi kumi, aseme "makumi mawili", "makumi matatu", na jina la kawaida lifuate baada ya fungu kuonekana.

Baba wa watoto wawili (Malindi)

Naunga mkono alivyosema Mwalimu kuhusu Singapore, kwa kuwa ndivyo tulivyotumia sisi, lakini naona ni haki mwenzetu ajue anachokinunua. Kila mwaka una sehemu mbili, A na B, na kila sehemu ina kitabu cha kiada na kitabu cha mazoezi. Kitabu cha kiada kina picha nyingi na maelezo machache mno, kwa hiyo mzazi asiyekuwa na mwongozo wa mwalimu hufungua ukurasa, akaona picha ya ndege, akauliza "wangapi?", akafungua mwingine, na somo likaisha kabla ya kuanza. Ukinunua kitabu bila mwongozo, afadhali usinunue. Angalia vilevile toleo, kwa sababu toleo lililotengenezewa Marekani limeongezwa inchi, futi na ratili.

Kuna njia ya nne ambayo hukuitaja. Kituo kimoja cha Uingereza, kilichokuwa Exeter na baadaye Plymouth, kilitayarisha mtaala uitwao MEP kwa kufuata ufundishaji wa Hungaria, na kurasa zake pamoja na mipango ya masomo hupatikana bure kwenye intaneti. Mwaka wa kwanza wote mtoto hukaa ndani ya namba sifuri hadi ishirini. Mke wangu alidhani tunacheleweshwa, mpaka alipoona jinsi mtoto anavyozikata na kuziunga namba hizo kila upande, na hicho ndicho hasa anachokikosa binti yako. Sisi tulichapisha kurasa za mazoezi kwenye saiba kwa wino mweusi, sura moja moja, na mipango ya masomo tukaisoma kwenye simu.

Mwalimu wa gredi za chini (Lamu)

Kwa heshima zote kwa waliotangulia, naona mazungumzo yameelekea ng'ambo mapema mno. Dada huyu amesema mtoto ataingia Gredi ya Nne, na atakayempokea hapo ni mwalimu anayefuata mtaala wa umilisi, ule tunaouita CBC, ambao ulianza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019. Mtoto aliyekaa mwaka mzima ndani ya ishirini anaweza kuwa na msingi imara, nakubali, lakini Gredi ya Kwanza yetu inamtaka ahesabu hadi 100, na zaidi ya namba kuna vipimo na jiometri. Pakua muundo wa mtaala kutoka tovuti ya KICD, ambao haulipiwi, uufanye kuwa uti wa mgongo, kisha mbinu uazime popote.

Udhaifu wa vitabu vyetu vya hisabati naujua: vimeandikwa kwa Kiingereza, ilhali sera yenyewe inataka watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya mahali wanapoishi, nayo kwetu ni Kiswahili. Pengo hilo mimi huliziba kwa vitabu vya Tanzania. Mtaala wao wa mwaka 2015 wa Darasa la Kwanza na la Pili ulijengwa juu ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinasomeka bure katika maktaba yao ya mtandaoni. Mpangilio haulingani na wetu ukurasa kwa ukurasa, lakini lugha ya kufundishia utaikuta tayari.

Katika vipimo, kabla ya sentimita na kilo, mtaala unampa mtoto vipimo visivyo rasmi. Hapo msihangaike kununua chochote. Apime mkeka kwa shibiri, apime mchele kwa kibaba, na ahakikishe mwenyewe kwamba vibaba vinne vinajaza pishi moja.

La mwisho, si la hisabati. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamwajibisha mzazi kumwandikisha mtoto shuleni, kwa hiyo nendeni ofisi ya elimu mzungumze nao mapema, msingoje kuulizwa.

Mama wa Mkomani (Lamu)

Nawashukuru nyote. Tutafuata muundo wa KICD, mazoezi ya kugawanya namba tutayachukua MEP, na Saxon nitaiweka kwa ajili ya marudio tu. Ofisi ya elimu tutakwenda wiki ijayo. Limebaki jambo moja dogo: vitabu vyote hivi vya Kiingereza vinasoma saa moja asubuhi kuwa saa saba. Nimfundishe ipi kwanza?

Mwalimu mstaafu (Malindi)

Mfundishe ya nyumbani kwanza, kwa sababu ndiyo anayoisikia kila siku, na usimlazimishe kujumlisha sita kichwani. Tumia saa ya mishale. Tofauti ni saa sita kamili, kwa hiyo jibu la Kiswahili daima liko upande wa pili wa mshale mfupi: mshale ukiwa kwenye 7, mkabala wake ni 1, ukiwa kwenye 10, mkabala ni 4. Akishaliona hilo atasoma saa zote mbili katika uso mmoja. Anza na saa kamili peke yake, na nusu saa iache mpaka aelewe kwa nini mshale mfupi husimama katikati ya namba mbili.